Ngomeni: Nani Ameshika Usukani?

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka baharini karibu na kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya kilo 140 na ushee, iliyotengenezwa Marekani. Waliobonyeza kitufe walikuwa Waitaliano. Setilaiti yenyewe ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Sasa hebu tuhesabu. Jina ni letu, bahari ni yetu, sikukuu ni yetu. Roketi ni yao, setilaiti ni yao, na data ni yao.

Jina hilo lilichaguliwa na Marjorie Townsend, mhandisi aliyeongoza mradi huo upande wa NASA, kama heshima kwa nchi iliyowakaribisha. Na setilaiti haikuliaibisha jina. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi moja tu, kutafuta miale ya eksirei angani, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Ndiyo iliyosaidia wanasayansi kukishuku kitu kiitwacho Cygnus X-1 kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza timu ya wanasayansi, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Hadithi hiyo ni tamu na wengi wetu tumeisikia kidogo kidogo. Isiyosimuliwa sana ni ya mradi mzima uliozunguka ile roketi: nani aliuongoza, ulipima nini, na ilikuwaje pale uongozi ulipobadilika mikono. Na hiyo ndiyo inayotuhusu zaidi leo, maana sisi wenyewe tumeanza kuongoza.

Profesa mwenye magwanda

Luigi Broglio alizaliwa Mestre, jirani na Venice, mwaka 1911. Alikuwa ofisa wa jeshi la anga la Italia, na wakati huohuo profesa wa uhandisi wa ndege katika Chuo Kikuu cha Roma, kile kiitwacho Sapienza. Mtu mmoja, kofia mbili. Mpango kama wake ulihitaji nidhamu ya jeshi na vichwa vya chuo kikuu kwa pamoja, naye alikuwa na funguo za milango yote miwili.

Septemba 1962, Italia na Marekani zilikubaliana hivi: Marekani itatoa roketi aina ya Scout na kuwafunza Waitaliano kuzirusha, Italia itatengeneza setilaiti na kutafuta mahali pa kurushia karibu na Ikweta. Mpango ukaitwa San Marco.

Angalia tarehe hiyo vizuri. Septemba 1962 Kenya haikuwa imepata uhuru. Ukanda wa Pwani, Malindi ikiwemo, ulikuwa kwa makaratasi bado ni milki ya Sultani wa Zanzibar, ukiendeshwa na Mwingereza. Kwa hiyo wazo lilipozaliwa, mwenye nyumba alikuwa hata hajakabidhiwa nyumba yake.

Kwa nini Ikweta? Dunia inajizungusha, na pale katikati ndipo inapokimbia zaidi, takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayoruka kuelekea mashariki kutoka hapo huondoka ikiwa tayari imesukumwa. Ngomeni iko nyuzi kama tatu tu kusini mwa Ikweta, na mbele yake, upande wa mashariki, ni Bahari Hindi tupu. Kitu kikianguka, kinaangukia maji.

Broglio hakujenga kituo nchi kavu. Alileta majukwaa ya chuma yenye miguu, kama yale ya kuchimbia mafuta, na kuyasimamisha katika Ghuba ya Ungwana. La kwanza, Santa Rita, lilikuwa kweli la mafuta, kutoka kampuni ya ENI ya Italia. La pili, San Marco, lilitoka kwa jeshi la Marekani. Machi 1964, miezi mitatu baada ya bendera ya Kenya kupandishwa, roketi ndogo za majaribio zilianza kuruka kutoka Santa Rita. Desemba mwaka huo, timu ya Waitaliano ikarusha San Marco 1 kutoka Wallops, Virginia, kama mtihani wa mwisho. Na tarehe 26 Aprili 1967, San Marco 2 ikaruka kutoka hapa kwetu.

Haikuwa setilaiti ya kwanza kutoka ardhi ya Afrika. Wafaransa walikuwa wamerusha ya kwao kutoka jangwa la Algeria mwaka 1965. Lakini kurusha setilaiti kutoka jukwaa lililosimama baharini lilikuwa jambo jipya kabisa.

Matatu ikifunga breki

Watu wakisikia neno "anga za juu" hufikiria utupu. Kumbe sivyo. Kilomita 200 au 300 juu yetu bado kuna hewa, nyembamba mno, lakini ipo. Na setilaiti inayopita humo kwa kasi ya zaidi ya kilomita saba kwa sekunde inaihisi. Hewa hiyo huipunguza mwendo kidogo kidogo mpaka inashuka na kuungua.

Hayo ndiyo mazingira Broglio aliyotaka kuyapima, na chombo chake kilikuwa cha ajabu kwa urahisi wake. Setilaiti ilikuwa tufe lenye kipenyo cha sentimita 66 hivi. Gamba la nje lilikuwa jepesi, na ndani yake kulikuwa na mwili mzito, vikiunganishwa kwa mikono inayonyumbuka. Fikiria matatu inapofunga breki: gari linasita, abiria anaendelea kwenda mbele. Gamba ndilo matatu, mwili wa ndani ndiye abiria. Hewa ikilisukuma gamba, mwili wa ndani unataka kuendelea, na ile mikono inajikunja kwa kiasi kidogo sana. Pima mkunjo huo na utajua hewa imekaza breki kiasi gani, yaani ina uzito gani pale ilipo. Waliiita mizani.

San Marco 2 iliifanya kazi hiyo juu ya Ikweta hadi Oktoba 1967, iliposhushwa na hewa ileile iliyokuwa ikiipima. San Marco 3 ikafuata Aprili 1971, na San Marco 4 Februari 1974, zote zikiwa na mizani ya Broglio pamoja na vyombo vya NASA vya kuchunguza hewa hiyo imeundwa na nini na ina joto gani.

Katikati ya hizo, wageni wengine walipanga foleni Ngomeni. Novemba 1971 iliruka setilaiti ndogo ya NASA ya kuchunguza mkondo wa chembe za umeme unaoizunguka dunia wakati wa dhoruba za sumaku. Uhuru tumeshaitaja. Baada yake zilikuja SAS-2 mwaka 1972, Ariel 5 ya Uingereza mwaka 1974, na SAS-3 mwaka 1975. Hizi za eksirei na gama zilikuwa na sababu yao ya kuipenda Kenya. Dunia imezungukwa na mikanda ya mnururisho, na juu ya Atlantiki ya Kusini mkanda mmoja unashuka chini sana. Setilaiti ikipita humo, vyombo vyake vinapata kelele tupu. Ikizunguka karibu na Ikweta, inakwepa sehemu kubwa ya kelele hiyo. Kwa hiyo Ngomeni ilikuwa na vitu viwili ambavyo hakuna mwanasiasa anayeweza kuvihamisha: mahali ilipo, na mwelekeo wa dunia.

Kati ya 1967 na 1975 ziliruka setilaiti nane. Kwa mradi ulioongozwa na chuo kikuu, kutoka jukwaa lililosimama baharini, hiyo si kazi ndogo.

Mwaka 1988

Kisha kimya. Miaka 13.

Setilaiti iliyofuata, San Marco D/L, iliruka tarehe 25 Machi 1988. Ilikuwa kubwa kuliko dada zake, na mbali na mizani ilibeba vyombo vya kupima upepo wa huko juu, mwendo wa ioni, nguvu za umeme na mwanga. Kisayansi ulikuwa ukomavu: badala ya kuuliza tu hewa ni nzito kiasi gani, sasa wanauliza ni nini kinaisukuma. Desemba mwaka huohuo ikashuka na kuungua. Ilikuwa ya tisa, na ya mwisho. Hakuna setilaiti nyingine iliyorushwa kutoka Ngomeni hadi leo.

Kwa nini? Miezi miwili tu baada ya kurushwa kwake, Mei 1988, Italia ilipitisha sheria ya kuunda Shirika la Anga za Juu la Italia, ASI. Hadi wakati huo, ukitaka kujua Italia inafanya nini angani, sehemu kubwa ya jibu ilikuwa kwa Broglio na chuo chake. Sasa kulikuwa na shirika la serikali lenye bajeti, wakurugenzi na mipango yake. Mkurugenzi mkuu wa kwanza alikuwa Carlo Buongiorno, mtu aliyefanya kazi na Broglio tangu siku za mwanzo. Yaani usukani haukunyakuliwa na mgeni. Ulipita kwa mtu wa nyumbani.

Lakini mtu wa nyumbani akikaa kwenye kiti kipya anaona vitu vipya. Shirika la taifa zima linaangalia viwanda, linaangalia wanachama wenzake wa Ulaya, linaangalia miradi mikubwa ya pamoja na Marekani. Ulaya ilikuwa tayari na uwanja wake wa kurushia pale Kourou, Guiana ya Ufaransa, nao uko karibu na Ikweta kama wa kwetu na umejengwa nchi kavu. Wafaransa walikuwa wamehamia huko baada ya Algeria kujitawala. Broglio alitaka roketi ya Scout iliyoongezwa nguvu ili Ngomeni iendelee kuruka. Haikujengwa. Roketi za Scout zenyewe zilistaafishwa na Marekani mwaka 1994. Italia ilipokuja kuongoza utengenezaji wa roketi mpya ndogo, Vega, safari yake ya kwanza ya Februari 2012 ilianzia Kourou.

Broglio alifariki Januari 2001, akiwa na miaka 89. Kituo kikapewa jina lake. Mwaka 2004 uendeshaji wake ukatoka kwa chuo kikuu na kwenda kwa ASI.

Ni rahisi kumgeuza ASI kuwa mbaya wa hadithi hii, lakini si haki. Mradi uliosimama juu ya mabega ya mtu mmoja, roketi ya nchi nyingine na jukwaa la kukopeshwa ulikuwa na mwisho wake umeandikwa ndani. Broglio alikuwa na vyote isipokuwa kimoja: sababu ya taifa lolote kuendelea kulipa gharama yeye asipokuwepo. Italia ilipata sababu hiyo kwingine. Kenya, ambayo ingekuwa na sababu kubwa kuliko wote, haikuwa kwenye meza.

Masikio

Lakini Ngomeni haikufa, na hapa ndipo hadithi inaponoga. Kilichokufa ni kurusha. Kusikiliza kuliendelea.

Nchi kavu, mkabala na yale majukwaa, kuna antena. Setilaiti inayozunguka karibu na Ikweta hupita juu ya Malindi karibu kila mzunguko, mara nyingi kwa siku, na kila ikipita inaweza kumwaga data na kupokea maagizo. Setilaiti ya NASA iitwayo Swift, inayokimbiza milipuko ya gama tangu Novemba 2004, inategemea Malindi. NuSTAR ya mwaka 2012, inayopiga picha za eksirei kali, nayo hivyohivyo. IXPE, iliyorushwa Desemba 2021 kwa ushirikiano wa NASA na Italia, data yake inashukia hapa. AGILE ya Italia ilifanya hivyo tangu 2007, na Februari 2024 ikaungua angani. Hata roketi za Ariane zilizokuwa zikiruka kutoka Kourou zilifuatiliwa kutoka Malindi. Ngomeni ilinyimwa roketi, halafu ikapewa kazi ya kuwachunga watoto wa aliyezichukua.

Kwa hiyo uongozi mpya uliendeleza kitu, tena kikubwa. Ila maendeleo yalibadilisha sura. Antena haipigi kelele. Haina moto wa usiku unaoonekana kutoka ufukweni, wala haimfanyi mtoto wa Ngomeni ainue kichwa na kuuliza. Ukitembea Malindi utakuta vijana wanaozungumza Kiitaliano cha kununulia na kuuzia bila shida yoyote. Ukiwauliza kile kituo kinafanya nini, usishangae ukijibiwa, "ni kwa Waitaliano." Miaka 60 ya sayansi, na jirani amepata lugha ya biashara kuliko lugha ya kazi yenyewe.

Kiti cha Kenya

Malalamiko ya Kenya hayakuanza jana. Mkataba wa 1995 uliruhusu Waitaliano kuendelea kwa miaka 15, na ulipofika ukingoni maswali yalikuwa yaleyale: tunapata nini? Nani anaona data? Wakenya wangapi wanasoma fani hii na kurudi kufanya kazi humo ndani?

Oktoba 2016, mjini Trento, nchi hizi mbili zilitia saini mkataba mpya. Safari hii mambo yaliorodheshwa: kusaidia kuanzisha shirika la anga la Kenya, Kenya kupata picha za setilaiti za uangalizi wa dunia, mafunzo na elimu, kituo cha kikanda cha uangalizi wa dunia, na tiba ya mbali. Karatasi ni karatasi, lakini linganisha na 1962, wakati hapakuwa hata na Kenya ya kuulizwa.

Machi 2017, Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, likazaliwa kisheria, likichukua nafasi ya sekretarieti iliyokuwepo tangu 2009. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Mei 2018, kisanduku cha sentimita kumi kila upande kilichotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kikaachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Kiliitwa 1KUNS-PF. Mshirika wake? Sapienza, chuo kilekile cha Broglio. Njia ya kukifikisha ilitolewa na Wajapani. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, iliyorushwa kutoka California, kwa gharama iliyotajwa kuwa takriban shilingi milioni 50.

Wapo waliocheka mitandaoni: milioni 50 kwa kisanduku, na barabara ya kwetu ina mashimo? Swali si la kipuuzi. Lakini jibu lake lilianguka lenyewe, tena kwa kishindo. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita mbili na nusu na uzito wa kilo 500 hivi ilitua katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Waliokwenda kuichukua, kuizungushia ulinzi na kueleza kwamba ni kipande cha roketi walikuwa KSA. Miaka 20 nyuma, simu ingepigwa kwa nani?

Na kumbuka kinachoshusha vyuma kama hivyo: ni ile hewa nyembamba, ile breki aliyokuwa akiipima Broglio. Jua likichafuka, hewa ya juu hupata joto, hutanuka, na breki inakaza. Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink; dhoruba ya sumaku ikaongeza uzito wa hewa, na takriban 40 zikapotea kabla hazijafika mahali pake. Uhuru yenyewe ilirudi na kuungua Aprili 1979, wakati jua lilikuwa likielekea kilele chake. Juu ya Ikweta kuna la ziada: baada ya machweo, tabaka la ioni hufanya mapovu yanayovuruga mawimbi ya GPS. Sisi tunaishi chini yake moja kwa moja. Kama kuna watu duniani wanaopaswa kuwa mabingwa wa mazingira ya anga juu ya Ikweta, ni wale wanaolala chini ya Ikweta.

Sasa usukani umeanza kufika kwetu, na historia ya Ngomeni inatuachia onyo na mtaji. Onyo ni kwamba mradi unaomtegemea mtu mmoja, hata akiwa na akili za Broglio, husimama siku kiti kinapobadilika. Kenya tunajua kubadilisha viti. Tunabadilisha wakurugenzi kama tunavyobadilisha ving'ora vya simu, na kila mpya anakuja na nembo mpya. Shirika litakalodumu ni lile ambalo fundi wa antena, mwalimu wa fizikia na mtunza data wanajua kazi inaendeleaje Jumatatu baada ya bosi kuondoka Ijumaa. Mtaji ni ule uliowaleta Waitaliano tangu mwanzo: nyuzi tatu kusini mwa Ikweta, na bahari tupu upande wa mashariki. Huo hauhamishiki.

Siku hizi kuna mazungumzo ya kurusha tena kutoka pwani ya Kenya. Yakitimia, sherehe zitakuwepo na jina zuri la Kiswahili litapatikana, hilo halina shida. Mimi nitakuwa natazama orodha ya watu walio kwenye chumba cha kuongozea, nikihesabu wangapi wamesoma Ngomeni, Malindi, Kilifi. Jina letu lilishafika angani mwaka 1970. Walobaki ni watu.